Kaseti ya Mama na Mashine ya Gundi

Mtaani wanamwita Gundi, maana vidole vyake havijawahi kutakata. Huchapisha vitabu ambavyo wauza vitabu huvigeuzageuza wasijue vinaanzia wapi: kimoja hukunjuka mpaka kikafika mlangoni, kingine kina kaseti mahali pa sura ya mwisho. Wateja wake anawajua kwa sura, na baadhi yao ni mashemeji walionunua kwa kuona haya.

Ana mtindo wake mmoja, na habanduki: hagusi kitu kipya. Huchapa juu ya mabango ya zamani, huchora juu ya picha zilizoharibika, hurekodi juu ya kaseti zilizokwisha kurekodiwa. Ukimwuliza, atakwambia cha chini lazima kichungulie. Haya bwana, msanii ni yeye.

Asubuhi moja dada yake mkubwa alifika karakanani kwake, akasogeza marundo ya karatasi, akaketi.

“Mdogo wangu, naomba ile kaseti ya marehemu mama. Wanangu hawaijui sauti ya bibi yao.”

Gundi aliinua macho. Kaseti ilikuwa palepale rafuni. Ila mwaka jana, kwa pupa zake, aliiokota bila kuitazama, akarekodi juu yake mngurumo wa mashine ya kuchapia. Na nakala nyingine haikuwepo.

“Dada, nimeiharibu,” alisema, akamweleza yote.

Dada alimtazama. “Kwa hiyo hata mama umempaka wino,” alisema taratibu. Ingekuwa nafuu angemtukana.

Kwa kukosa la kufanya, Gundi aliitia kaseti kwenye redio. Mashine ikaguruma weee. Dada alishika tama, wala hakuondoka. Karibu na mwisho mngurumo ukakatika. Siku ile ya kurekodi, karatasi zilimwishia Gundi hapo, akazima redio. Kipande cha utepe kilichobaki hakukigusa.

“Bado unarekodi tu?” sauti ya mama ikauliza. “Hebu zima hilo dude, mwanangu. Njoo ule, chakula kinapoa.”

Utepe ukaisha. Dada alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

“Rudisha nyuma,” alisema.

Walisikiliza tena, na tena. Kisha Gundi akachukua bisibisi, akavunja vile vijiplastiki vya mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikishatoka redio haiwezi kurekodi tena. Akaipangusa wino kwa shati lake, akamkabidhi dada.

“Hii haiwekwi kitu juu,” alisema.