Msimu Niliokataa Kukua

Harufu ya ndizi zinazoivia shimoni haifanani na harufu ya ndizi za sokoni. Ina moshi ndani yake, ina udongo wa moto, na ukiisogelea sana inakupanda kichwani kabla hata pombe yenyewe haijakamuliwa. Msimu ule kule Mururu nyumba nzima ilinuka hivyo, maana Tantine Specioza, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe nyuma ya jiko, na majirani walileta mikungu yao humo. Mama na mimi tulihamia kwake baada ya vita kutukimbiza kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Siku ya kukimbia tulipotezana na Papa, baba yangu, katikati ya watu, na tangu hapo hatukusikia kama yu hai. Mama alinyamaza. Mimi niliamua kutokua.

Uamuzi wenyewe ulikuwa na akili zake, ingawa leo naweza kuucheka. Papa aliniacha nikiwa mdogo, mwembamba, ndani ya gauni la bluu lenye kola nyeupe. Basi akirudi ilibidi anikute vilevile, asije akanipita njiani. Nilikula vijiko vichache na kuisukuma sahani. Nililala nimejikunja ili miguu isipate nafasi ya kurefuka. Gauni likaanza kunibana kwapani, likapanda juu ya magoti, na Mama aliponiletea jingine kutoka soko la Kamembe nililikataa kwa makelele yaliyoshtua hata mbuzi wa jirani. Mbaya zaidi, kifua kilianza kuuma na kuvimba bila kuniomba ruhusa. Nikakifunga kwa kitambaa. Niliogopa, na sikumwambia mtu.

Tantine alikigundua kitambaa hicho siku ya kufukua shimo, aliponiona nikihema kwa shida chini ya mzigo wa kuni.

"Unafunga nini humu?" aliuliza.

Nikalia, nikamwambia yote. "Papa akikuta niko mukubwa, atanijua namna gani?"

Hakucheka, wala hakunihubiria. Alinishika mkono tukaenda shimoni, ambako jirani yetu Maman Feza alikuwa amekuja kuchukua ndizi zake. Udongo na majani ya juu yaliondolewa, joto likatupiga usoni. Zilizoingia kijani na ngumu zilikuwa njano, nyingine zimepasuka maganda, za nyumba hii na ile zimelaliana, na macho yangu yalishindwa kuzitofautisha. Maman Feza aliinama akavuta mikungu yake, mmoja baada ya mwingine, bila kusita.

"Umuulize," Tantine akaniambia.

"Maman, unajua namna gani kama hizi njo zako, si za wengine?"

Alinionyesha kikonyo, pale panga lilipopita. Alitumia mkono wa kushoto, na mkato wake ulilalia upande usio wa wengine. "Mi njo nilizikata. Nilizibeba ku mugongo. Zikiiva, naweza kosa kuzijua?"

"Zinageuka rangi, zinageuka utamu, lakini hazigeuke za mwingine," Tantine akaongeza. "Na weye, mwili yako iko inafanya kazi yake. Uiache ifanye. Papa yako alikubeba ku mugongo."

Sikusadiki yote siku ile. Lakini nilikuwa na njaa ya muda mrefu. Nikala sahani nzima ya maharage na mihogo, nikaomba nyingine. Kesho yake nilivaa gauni jipya huku nimekunja uso, na Mama akageukia ukuta ili nisione machozi yake.

Papa alirudi kiangazi kilichofuata. Nilikuwa natoka kuchota maji, nikampita mzee aliyeketi kando ya njia, ndevu nyeupe, mashavu yameingia ndani. Nikamsalimu kama anavyosalimiwa mgeni: "Bonjour, Mzee." Aliniangalia mara moja tu. "Umekua, mama, umekomala," alisema. Muda wote ule nililinda sura yangu, kumbe iliyopotea njiani ilikuwa yake. Maji yote yalimwagika.

Leo naishi Kamembe, na watu huvuka kwenda Bukavu asubuhi wakarudi jioni na vikapu vyao. Binti yangu hajawahi kumngojea mtu zaidi ya jioni moja, nami nashukuru. Mwili wake ulipokaribia kubadilika nilimweleza mapema, kwa maneno yaliyonyooka, kwa sababu nimeapa hakuna mtoto wa nyumba yangu atakayejifunga kitambaa kwa hofu. Kigumu kimekuja upande nisioutazamia. Papa anakaa nasi, amezeeka sana, na siku hizi akiniona ananiamkia kwa adabu na kuniuliza natoka wapi. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Juzi binti yangu aliniuliza jikoni: "Maman, kama hakujue tena, anabakia papa yako?"

"Mi namujua," nilimjibu. Nikampa kikombe cha uji akishike, tukaenda wote wawili kumwambia Papa majina yetu.