Mwalimu Habibu Anakuja Kula

Mwalimu akionekana nyumbani kwako jioni, ujue mtoto wako ameharibu. Huku kwetu, mbele kidogo ya Buigiri, hakuna mzazi asiyelijua hilo. Kwa hiyo Mwalimu Habibu alipotokea uani kwangu na kandambili zake, moyo ulinipasuka.

Mwanangu Meshack alikuwa kidato cha tatu, na mkuu wa shule alikwishaniita akaniambia wazi: kosa moja tena, Meshack harudi. Darasa lao lilikuwa limeshindikana. Mwalimu wa kwanza wa hesabu alikuta beberu amefungwa kwenye meza yake, akaomba uhamisho. Wa pili walimpigia ngoma kwenye madawati kila alipogeukia ubao, mpaka akapanda basi bila kuaga. Na ngoma wanaijua, hilo siwanyimi. Habibu alikuwa wa tatu, kijana mwembamba kutoka Kondoa, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja kuona kama atamaliza mwezi.

Alinipa shikamoo, akauliza habari za mifugo, za mvua, hata za magoti yangu. Nikampa kigoda nikingoja aseme kilichomleta. Hakusema. Ugali ukaiva, nikamkaribisha, akanawa, akala. Wageni wengi wakiwekewa ugali wa uwele na mlenda wanaonja tu kwa heshima; yeye alimaliza bakuli. Kisha akashukuru, akaaga. Muda wote huo Meshack hakuinua uso.

Mimi si mtu wa kulainishwa na asante. Nilimbana Meshack, akasema hajui lolote. Baada ya siku chache nikasikia mwalimu amekula kwa Yotham, baba yake Filipo, yule rafiki wa Meshack ambaye kwa ukorofi hawapishani. Kisha akala kwa Emiliana, ambaye mwanawe naye ni wa kundi hilohilo. Kote alisalimia, akala, akaondoka, hakuna neno la shule.

Kisimani ikawa ndiyo habari. Yotham alisema kuna michango inakuja, na huyu anazunguka kutazama nani ana ng'ombe. Emiliana alisema ametumwa na mkuu wa shule awapeleleze watoto wetu. Mimi nina binti mkubwa, Restuta, kwa hiyo nilikuwa na wazo langu. Nikamwambia Restuta mwalimu akija akae ndani, tena asijifanye anatafuta chumvi.

Akarudi kwangu. Safari hii nilijipanga, nikashika jogoo na kumwomba amchinje mwenyewe kwa taratibu za dini yake. Niliwaza kwamba mwalimu aliyelishwa kuku ataona haya kumfukuzisha mtoto wa mwenye kuku. Akakataa kwa upole, akasema mlenda unatosha. Hapo shaka yangu ikakomaa. Anayekataa jogoo hataki kufungwa na fadhila zako.

Alipoondoka tu nikasimama mlangoni, nikamwambia Meshack hapiti mtu mpaka aseme. Akasema. Juma la kwanza, mwalimu akiwa shuleni, yeye na Filipo na wenzao wawili watatu waliingia nyumbani kwake wakachukua mfuko wa unga na jiko la gesi, wakavificha kwenye kibanda cha kulindia uwele. Walikuwa wamesikia mshahara wake wa kwanza haujatoka, wakataka njaa imwondoe. Filipo akasahau sweta la shule mlemle ndani, lina jina lake, na marafiki wa Filipo hata mgeni huwajua kwa siku moja.

"Anajua, mama," Meshack akaniambia. "Darasani hajauliza kitu. Lakini kula anakuja kwetu sisi tuliochukua tu. Haendi kwa mwingine."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na juu ya aibu nikaona hofu. Wizi haukuwa kosa dogo. Mwalimu alikuwa ameshika shule ya mwanangu mkononi, na sikujua anaingoja siku gani aiachie ianguke.

Asubuhi, kabla ya kengele, nilijitwika unga mwenyewe na Meshack akabeba jiko. Mwalimu alifungua mlango akatutazama, wala hakushangaa. Nikamwomba msamaha, nikamwambia amchape, amlimishe, ila asimpeleke kwa mkuu wa shule. Akajibu kwamba mkuu wa shule hajui kitu, wala hatajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema, na sauti yangu ilikuwa kali, maana bado nilikuwa natafuta mtego uko wapi.

"Ningesema, mama, Meshack angefukuzwa, na Filipo, na wale wengine," akasema. "Ningebaki na unga wangu. Nimfundishe nani?"

Meshack alisimama na lile jiko mikononi, machozi yanamtoka, hajui aliweke wapi. Nikamwambia mwalimu aje kwangu jioni, tule pamoja. Akauliza kwa nini, maana sasa unga anao na jiko analo. Nikamwambia aje tu.

Alinitazama, akautazama ule mfuko wa unga, akanitazama tena, na nikaona wazi kabisa kwamba ananishuku.