Sauti ya Mwenzake wa Kusoma

Majira yale ya baridi nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Kiyahudi aliyefiwa na mke, katika ghorofa moja kule Saint Louis Park, Marekani. Kila alasiri, akishakunywa dawa, nilimwekea mezani juzuu la Talmudi, kitabu kizito ambamo wanazuoni wa dini yao hubishana ukurasa baada ya ukurasa. Aliniambia hakisomwi na mtu mmoja. Husomwa na wawili, mmoja anapinga, mwingine anajitetea. Mwenzake wa kusoma, rafiki yake tangu ujana, alikuwa amefariki kabla theluji haijaanza.

Mwanawe wa kiume akaona amsaidie. Alikusanya kanda za marehemu akifundisha darasa, akazitia kwenye programu ya kishikwambi inayoiga sauti ya mtu na kujibu maswali, akakisimamisha mezani. Nilikuwa jikoni namenya karoti niliposikia mwanamume mgeni akikohoa sebuleni, kisha akauliza, "Tuliishia wapi?" Nikatoka na kisu mkononi. Hakukuwa na mtu. Mzee alikuwa amejishika kifua, macho yamemtoka.

Aliizoea sauti ile upesi kuliko mimi. Akiuliza neno gumu, jibu lilitoka kabla hajameza mate. Taratibu akaacha kukiinamia kitabu; siku nyingine hakukifungua kabisa. Nami sikupenda kupita karibu na meza ile, maana sauti ilinyamaza nikipita, kama mtu anayesubiri mtumishi aondoke.

Alasiri moja, katika kumchangamsha tu, nilimuuliza wiki ile wamesoma nini. Akaanza sentensi, akaiacha katikati; hakukumbuka hata mstari mmoja. Alinitazama kwa woga, kama mtu aliyeamkia nyumba asiyoijua. Kisha akakigeukia kishikwambi, akaleta hoja moja ambayo yeye na rafiki yake waliibishania miaka yote bila kukubaliana. Sauti ikajibu papo hapo, kwa upole, kwamba yeye mzee ndiye aliyekuwa sahihi.

Akakizima.

"Huyu si yeye," akasema. "Yeye asingenirahisishia."

Alimwomba mwanawe aiondoe sauti ile, kishikwambi kibaki cha kukuzia herufi na kutafutia maana za maneno. Mimi akanikalisha mbele yake, nimsomee swali kutoka tafsiri ya Kiingereza huku nimeliziba jibu kwa kiganja. Siku ya kwanza tulikaa kwenye mstari mmoja mpaka nje kukaingia giza. Alikosea, akarudi nyuma, akakosea tena. Alipopata, shati lilikuwa limelowa jasho, na kesho yake aliueleza mstari ule wote bila kutazama.

Nguvu zilipomrudia akawa anasoma mwenyewe nikiwa napika. Nilimsikia akitoa hoja, kisha akinyamaza, kimya cha kumtosha mtu kusema neno lake, halafu akijibu kwa ukali, "Hapana. Hilo sikubali."

Kishikwambi kilikuwa chumbani, kimezimwa, kinachajiwa. Nilipunguza moto wa jiko ili nisikie vizuri.