Kopo Tulilolimwaga Ikutha

Mwanangu, nakumbuka siku moja, miaka ya themanini, mimi na kaka yangu Muthama tulipoingia mashindano ya magari kutoka Kibwezi hadi Mutomo. Yeye alikuwa dereva, mimi fundi wake, msichana niliyevaa sketi juu ya suruali ili kina mama wa kanisani wasinune.

Injini yetu tulikuwa tumeifunga supachaja, ile pampu inayosukuma hewa ndani kwa nguvu. Gari lilikuwa linapaa. Lakini injini inayosukumwa hivyo hutoa moshi wenye mafuta, na moshi huo ukirudi kwenye njia ya hewa huungua pamoja na petroli, injini ikaanza kugonga hadi pistoni zikatoboka. Mjomba wetu Kilonzo, aliyetufundisha kazi kwenye gereji yake pale Emali, alinionyesha dawa: kopo lenye wavu wa chuma ndani, linalofungwa kwenye mpira unaopitisha ule moshi. Mafuta hunaswa, hewa hupita. Nililichomelea mwenyewe, nikajisifu sana, naye akanikatiza.

“Kopo si dawa,” aliniambia. “Dawa ni kulimwaga. Likijaa, injini itayanywa mafuta yote kwa mkupuo mmoja.”

Basi tulipofika Ikutha tukiwa wa pili, nilimwambia Muthama asimame nimwage kopo, lilikuwa linakaribia kujaa. Alikataa. Vumbi la aliyetutangulia tulikuwa tunaliona, na nyuma yetu alikuja dereva mmoja wa Nairobi mwenye supachaja kama yetu, bila kopo. Asubuhi alikuwa ametucheka kwamba tumebeba supu.

“Muthama,” nikasema, “mjomba hakunifundisha ili ninyamaze.”

Alisimama, uso ameukunja. Nilifungua koki ya kopo, mafuta meusi yakashuka polepole kwenye debe, na magari yakatupita moja baada ya jingine. Wa Nairobi alipiga honi. Mwanangu, kungoja kule kuliniuma, lakini sikuifunga koki hadi tone la mwisho.

Kwenye mlima wa mawe, kabla ya Mutomo, tulimkuta yule wa Nairobi kando ya barabara, moshi wa buluu umemfunika. Wale wengine tuliwapata kwenye mchanga wa mto. Tulimaliza wa pili. Mjomba alikuwa akingoja. Alifungua boneti, akainama kusikiliza injini ikinguruma bila kugonga, kisha akanishika bega mbele ya umati.

“Huyu ndiye fundi wangu,” akasema.

Hadi leo nikikumbuka, mgongo hunyooka wenyewe, na mzee kama mimi si rahisi kunyooka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukijaliwa nguvu nyingi, jua kwamba zina uchafu wake, na uchafu huo hujaa kimyakimya wakati unashangiliwa. Simama uumwage mapema, hata wenzako wakikupita. Na kazi uliyokabidhiwa uilinde, hata unaowapenda wakikunja uso.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akujalie mwenzako atakayesimama ukimwambia asimame.