Pini ya Nne

Kazini walimwita Bwana Pini, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka ishirini na miwili alifunga makombora ya kupigia manowari chini ya mabawa ya ndege zinazolinda pwani, na hakuna fundi mwenzake aliyesalimika na mdomo wake kuhusu pini. Kila kombora lina pini nne za usalama zenye utepe mwekundu. Ikibaki hata moja, rubani atabonyeza mpaka kidole kiote sugu, kombora haliendi popote. Kwa hiyo fundi akishazichomoa husimama mbele ya ndege na kuzinyanyua, rubani azihesabu, ndipo aondoke.

Asubuhi ile king'ora kililia chai haijapoa. Manowari tatu za adui zilikuwa zinakuja. Rubani wa zamu alikuwa binti yake, kitinda mimba.

"Baba, mama asijue mpaka nirudi," alisema akivaa kofia.

"Nenda, mwanangu."

Alichomoa pini harakaharaka, akazitia mfukoni, akasimama mbele ya ndege. Badala ya kuzinyanyua, alipunga mkono kama mzazi anayemsindikiza mtoto stendi. Binti naye akapunga, akaondoka.

Bwana Pini alipozitoa mfukoni, zilikuwa tatu.

Alipekua kila mfuko, akatambaa kwenye lami akitafuta. Alimkimbilia mkuu wa kikosi.

"Pini moja imebaki. Mwambieni arudi."

"Amezima redio asigundulike," mkuu alijibu bila kumtazama. "Hatuna njia ya kumpata."

Bwana Pini alikaa juu ya sanduku la vifaa. Akilini alimwona mwanawe akizikaribia manowari, akibonyeza, akibonyeza tena, huku maadui wakimlenga.

Baada ya dakika hamsini ndege ilirudi na kombora lake. Binti alishuka, akamkumbatia.

"Manowari zimegeuka, Baba, sikufyatua. Niliogopa mpaka meno yakagongana. Nikajiambia, hili amelifunga Baba, litafanya kazi."

Baba akaenda chini ya bawa kuzirudisha pini, kama inavyotakiwa ndege ikitua, moja, mbili, tatu. Binti alimfuata akihesabu kwa kidole, kwa mazoea.

"Na ya nne?"

"Ya nne haikutoka, mwanangu. Nilisahau kukuonyesha."

Binti aliutazama utepe uliobaki, kisha akakaa chini pale pale kwenye lami.