Mikoba Kwenye Viti vya Baraza

Wanafunzi walimwita Mama Akidi, na jina hilo lilimkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa Umoja wa Wanafunzi, na katika miaka hiyo marais ishirini na watatu walipita mbele ya meza yake, kwa sababu mmoja aliondolewa kabla hajamaliza mwaka. Kila mmoja aliingia akidhani umoja umeanza siku aliyoapishwa yeye. Walipiga picha, wakamaliza masomo, wakaenda zao. Yeye alibaki na kabati.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Dari iliteremka pamoja na ngazi, hivyo kila aliyefika mezani kwake alilazimika kuinamisha kichwa.

"Hata rais anakuinamia," mumewe alizoea kumtania. "Mimi niliyekutolea mahari sijawahi kuona heshima hiyo."

Mumewe alikuwa fundi saa. Siku hizi watu husoma saa kwenye simu, na kazi yake ilikuwa imebaki ya kubadilisha betri na kupiga soga. Walikuwa na binti mmoja, ambaye aliolewa mbali, na kiti chake kilibaki mezani. Kila jioni kabla ya kula, fundi saa aliuliza kwa sauti nzito ya spika, "Karani, akidi imetimia?" Naye mkewe alijibu, "Wawili kati ya wawili, mheshimiwa." Ndipo walipofunua chakula.

Katiba ya umoja ilikuwa kijitabu cha kurasa thelathini na sita, na Mama Akidi aliijua kama mtu anavyozijua pembe za chumba chake taa zikizimika. Kila idara ilichagua mjumbe mmoja, na kila bweni mjumbe mmoja. Jumla yao sitini na wawili, ndio Baraza. Baraza lilichagua spika miongoni mwao. Rais alichaguliwa na wanafunzi wote kwa kura ya siri, mwaka mmoja tu, kisha akaunda kamati yake ya utendaji. Kamati ya Uchaguzi ilisimama peke yake, asiiguse rais wala spika. Na karani? Kifungu cha ishirini na tisa kilimmaliza kwa mistari mitatu: ataajiriwa, hatapiga kura, hatachangia hoja, atahesabu waliohudhuria na kuandika. Hesabu yake ndiyo akidi. Wakipungua thelathini na wawili, hilo si Baraza tena, ni vijana waliokaa kwenye viti.

Kwenye kabati alikuwa na vitabu vya aina mbili. Juu ilikaa mihtasari safi, iliyopigwa chapa na kusainiwa. Chini yalikaa madaftari ya awali, yale ya jalada gumu yaliyoshonwa kwa uzi, ambayo aliandikia kikao kikiendelea. Katiba ilisema madaftari hayo yatunzwe yote, na mjumbe yeyote anaweza kuomba kuyaona. Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyeomba. Nani ana hamu ya kusoma mwandiko wa haraka wa mama wa kidato cha nne?

Ndani ya madaftari hayo kulikuwa na vitone.

Vilianza miaka kumi na miwili nyuma, siku ya mvua. Bweni la wasichana lilikuwa halina maji kwa wiki ya saba, na hoja ya kuubana utawala ilikuwa mezani. Waliokaa walikuwa ishirini na tisa. Wajumbe watatu wanaosomea udaktari walikuwa wameitwa wodini kwa mtihani wa vitendo, wakaacha mikoba yao vitini na kuahidi kurudi. Spika wa wakati ule alimgeukia: "Karani, akidi?" Akaiangalia ile mikoba mitatu, imevimba vitabu, mmoja unachungulia koti jeupe. Akawafikiria wasichana wanaopanda ngazi na ndoo. Akasema, "Thelathini na wawili." Hoja ikapita. Baada ya siku nne maji yakatoka.

Kwenye muhtasari safi aliandika thelathini na mbili. Kwenye daftari la awali mkono wake ulikataa. Aliandika ishirini na tisa, na pembeni akaweka vitone vitatu.

Toka siku hiyo ikawa desturi. Mjumbe mwenye kipindi alitoka akaacha mkoba wake, na watu wakasema, "Fulani yupo, mkoba umekaa." Haikuandikwa popote. Kila spika aliirithi kwa aliyemtangulia, na kila mara karani aliweka kitone.

Rais wa mwaka huu walimwita Kipaza, kwa kuwa hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa kijana mcheshi, mwepesi wa kushika mikono ya watu, na alimwita karani "mama yangu" tangu siku ya kwanza. Zilipobaki wiki tano afike mwisho wa muda wake, alileta hoja: ukumbi unakarabatiwa, ratiba imebana, uchaguzi usogezwe mbele mwaka mmoja, na viongozi waliopo waendelee.

Kikao kiliitishwa saa nane mchana. Wajumbe wengi walisusia, wakijua kwamba Baraza lisipotimia hoja haina pa kusimama. Mama Akidi aliingia na daftari lake, akapita katikati ya viti kama alivyopita mara mamia, akihesabu kwa midomo iliyofumbwa. Ishirini na saba. Kisha akaona mikoba mitano kwenye safu ya nyuma. Yote ilikuwa ya buluu, ya namna moja, mipya. Alipopita, sketi yake iligusa mmoja, nao ukaanguka bila kishindo. Ulikuwa mtupu. Ndani yake hamkuwa na hata kalamu.

Akauokota, akaurudisha kitini. Mikono yake ilikuwa na tabia ya kurudisha vitu.

Spika alikuwa binti mwembamba wa sheria, mwenye miwani na sauti ndogo. "Karani, akidi?"

Mama Akidi alitazama mikoba. Ile ya zamani ilikuwa na wenyewe, watu waliokuwa njiani kurudi. Hii haikuwa na mtu duniani.

"Ishirini na saba," alisema.

Kipaza alicheka kwanza, kama mtu aliyesikia mzaha. "Mama yangu, miwani umeiacha nyumbani? Na wale wenye mikoba?"

"Mikoba haipigi kura, mheshimiwa."

"Haa! Tangu lini?"

Kifungu cha ishirini na tisa hakikumruhusu kujibu swali ambalo si la hesabu, na kwa mara ya kwanza alikishukuru. Spika aligonga meza na kuahirisha kikao. Lakini lile "tangu lini" lilitoka naye ukumbini, likashuka naye ngazi, likaingia naye chumbani.

Asubuhi iliyofuata Kipaza alikuja, akainamisha kichwa chini ya dari, akaketi.

"Mama yangu, binadamu hukosea. Andika thelathini na mbili, Spika asaini, yaishe. Nani ataumia?"

"Nimeshasema mbele ya watu."

"Watu husahau. Karatasi ndiyo hukumbuka, na karatasi ni yako." Akashusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Sikutishi. Ila ukisema mikoba haihesabiki, nitaandika kwa Mshauri wa Wanafunzi nimwombe akague vikao vyote vya nyuma. Kama haihesabiki leo, mbona jana ilihesabika? Hata ajira yako, nasikia, ilipitishwa na Baraza. Sijui siku ile walikuwa wangapi."

Alikuwa akibahatisha. Mama Akidi hakuhitaji kubahatisha. Kipaza alipoondoka, alifunga mlango, akapiga magoti mbele ya kabati, akatoa daftari la miaka tisa nyuma, siku Baraza lilipoamua karani asiwe tena wa mkataba wa mwaka, awe wa kudumu. Thelathini, na vitone viwili. Akatoa lingine, la siku katiba iliporekebishwa ili Kamati ya Uchaguzi itoke mkononi mwa utawala isimame yenyewe. Thelathini na moja. Kitone kimoja.

Aliposhika ukurasa ule kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo, alihisi ukurasa pacha wake, upande wa pili wa mshono, ukilegea. Daftari la kushona ndivyo lilivyo: ukiuchana wa mbele, wa nyuma unatoka. Na ukurasa pacha ulikuwa na kikao cha haki kabisa, watu arobaini na wanne, hata kitone hakuna. Akauachia. Akausawazisha kwa kiganja, akarudisha daftari mahali pake.

Jioni ile alimweleza mumewe yote. Fundi saa alikuwa na saa ya ukutani mapajani, akiichokonoa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema.

"Ufa nimeutoboa mimi, baba nanii."

"Uliutoboa watoto wapate maji."

"Ulikuwa ufa."

Mumewe aliendelea kuchokonoa. "Sasa wewe unataka nini? Nikusikie."

"Nataka vijana wapige kura mwezi ujao. Na nataka kufia kwenye kile chumba cha kuinama." Akacheka bila furaha. "Naona siwezi kupata vyote viwili."

"Mke wangu," fundi saa alisema taratibu, "mimi nimefungua saa nyingi. Mara nyingine unakwenda kunyoosha jino moja, unakuta gurudumu zima lilikuwa linasimamia jino hilo hilo bovu."

Aliandika ishirini na saba. Spika alikuja kusaini. "Mama, umetuokoa," alisema. Mama Akidi aligonga mhuri, akafunga kabati.

Kipaza aliandika barua yake. Mshauri wa Wanafunzi, ofisa wa chuo mwenye upara na adabu nyingi, aliagiza madaftari yote yapelekwe ofisini kwake. Mama Akidi aliyabeba mwenyewe, safari tatu, akiyakumbatia kifuani. Baada ya siku tisa alimwita.

"Hivi vitone ni nini, mama?"

Angeweza kusema ni alama za kalamu kupumzika. Yule bwana, kwa macho yake, alikuwa karibu kumwomba aseme hivyo.

"Ni mikoba," alisema. "Kila kitone mkoba mmoja."

Mshauri alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Vikao kumi na vinne, mama. Bila vitone, kumi na vinne havina akidi."

"Najua. Nilivihesabu."

Uamuzi ulibandikwa ubaoni siku ya Ijumaa. Hoja ya Kipaza ilitupwa, kwa kuwa akidi haikutimia. Na kwa sababu hiyo hiyo maamuzi kumi na manne ya Baraza yalibatilishwa. La maji lilibatilishwa pia, ingawa maji yalikuwa yameshanywewa miaka kumi na miwili. Likabatilishwa lile la Kamati ya Uchaguzi, na hivyo hapakuwa tena na chombo halali cha kusimamia kura. Mpaka katiba isafishwe, umoja ungeongozwa na Kamati ya Muda itakayoteuliwa na utawala. Uchaguzi utatangazwa baadaye. Kwenye orodha ya walioteuliwa, jina la tatu lilikuwa la Kipaza, "kwa uzoefu wake." Mstari wa mwisho ulisema kwamba nafasi ya karani, kwa kukosa uamuzi halali ulioithibitisha, imekoma.

Spika alimkuta akifunga vitu. Macho ya binti yalikuwa mekundu.

"Mama, kwa nini hukuyachoma madaftari? Angalau tungepiga kura."

"Mwanangu, ningeyachoma, wewe ungejuaje kwamba tulikuwa tunakosea?"

"Kujua kumetusaidia nini?"

Mama Akidi alitaka kumwambia kwamba siku moja watu watakaa upya, sitini na wawili, kila mtu kwenye kiti chake, na waanze safi. Lakini yeye alikuwa mtu wa kuandika yaliyotokea, na hilo halikuwa limetokea. Akampa kile kijitabu cha katiba, kimechakaa pembe. "Kifungu cha kumi na moja," alisema. "Wanafunzi mia tatu wakisaini, wanaweza kudai mkutano mkuu. Hicho hakikupitishwa na mkoba. Ni cha tangu mwanzo."

Binti alikipokea, akakitia kwapani bila kukifungua. Mitihani ilikuwa imebaki wiki mbili. Mwaka ujao angekuwa amemaliza masomo.

Mlinzi alikuja kuchukua ufunguo. Alikuwa mtu wa umri wake, wakisalimiana kila asubuhi kwa utani.

"Mama Akidi, nani sasa atatuhesabu?"

"Jihesabuni wenyewe, ndugu yangu. Ila muwe mnatazama viti vizuri."

Alifika nyumbani jua lingali juu, jambo ambalo mumewe hakulizoea. Fundi saa aliweka kiti cha binti yao pembeni ya meza ili mkewe apite. Mama Akidi aliweka juu yake mkoba wake wa kazi, umejaa: kikombe, kalamu, kanga ya kujifunika miguu, mhuri ambao haukuwa na kazi tena. Wakanawa. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa.

Fundi saa alikohoa, akajaribu ile sauti ya spika. "Karani, akidi imetimia?" Kisha, akiuona mkoba kitini, akaongeza kumchekesha, "Leo naona tuko watatu."

Mama Akidi aliinuka. Akaushika mkoba kwa mikono miwili, akaushusha sakafuni, akausukuma ukutani kwa mguu. Kiti kikabaki kitupu. Akakitazama kidogo, kisha akaketi.

"Wawili," alisema, na kufunua chakula.