Kompyuta Iliyogoma Siku ya Mazishi

Siku hiyo niliamka na hasira zangu, sijui hata za nini. Studio yangu iko Majengo, hapa Mpanda. Napiga picha za pasipoti na kutoa kopi. Nilimkuta binti mmoja kwenye benchi la nje, ametoka Katumba, macho yamevimba.

"Shikamoo dada. Mama amefariki. Tunazika leo mchana, na picha yake ya pekee alipigwa hapa kwako."

"Marahaba. Pole sana mdogo wangu. Picha ipo, usijali."

Mdomo wangu huu! Nikawasha kompyuta. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi, ikalia pi, pi, pi. Nikaizima, nikafungua ubavu wake. Jamani, vumbi! Nikachomoa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, nikaisugua meno kwa ufutio wa shule, nikairudisha. Kioo kikawaka. Nikashangilia bure, kwani ikaandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Nikakaza nyaya za diski. Ikaanza, ikafika katikati, ikajizima, ikarudia yale yale.

Wateja walishajaa mlangoni. Hapa kwetu kompyuta ikigoma, dawa ni moja tu: kufuta kila kitu na kuanza upya.

"Si upige Windows mpya, mama, utuhudumie," akasema mmoja, na wenzake wakaitikia.

"Nipige Windows nimfute na mama wa mtu? Hebu nyie nipisheni!"

Nilifoka hadi nikajishtukia. Kusema kweli niliogopa. Binti alikuwa anaangalia mikono yangu tu.

Nikaing'oa diski, maana ndiyo inayotunza picha zote, nikaifunga kwenye kitenge, tukakimbia naye hadi kwa jirani mwenye duka la kopi. Tukaichomeka ndani ya kompyuta yake, ikawa diski ya pili. Mafaili yakafunguka kwa kujivuta, mpaka mama akatokea. Tukaichapa picha kubwa, ya kubebwa mbele ya jeneza.

Binti aliishika, akaitazama weee.

"Ndiye," akasema. "Lakini mbona amenuna hivi? Mama alikuwa hakai bila kucheka, dada."

Moyo ukaniuma. Picha za pasipoti huwa nawaamrisha wote: funga mdomo, usicheke.

"Ni mimi niliyemkataza, mdogo wangu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaifunika picha kwa kanga yake, akapanda bodaboda kuwahi mazishi.